Oilers wamefika fainali mara mbili mfululizo, mbona wameachia wachezaji wote hawa?

MamaJunior_Edm — 9 Oktoba 2025

Habari zenu ndugu zangu. Edmonton huku Canada si mgeni, ila kwenye hoki ya barafu ndiyo kwanza nimeingia. Mwanangu ndiye aliyenivuta. Mwezi wa sita tulikaa wote tukaangalia fainali ya Kombe la Stanley, Oilers timu yetu ya hapa na Florida Panthers, mechi baada ya mechi, na tulipofungwa ile ya sita nililia naye.

Jana msimu mpya umeanza, tumecheza na Calgary hapa nyumbani. Nakaa kwenye kochi, natafuta watu wangu, siwaoni. Kane hayupo. Mzee Perry hayupo. Connor Brown hayupo. Yule Skinner mshambuliaji hayupo, kabaki Skinner kipa. Arvidsson na Klingberg nao wameondoka. Mwanangu ana jezi ya Kane, namba 91, ananiuliza Kane amekosa nini, na mimi sina jibu.

Mimi nimekulia Tanga, usajili ninaoujua ni wa Simba na Yanga. Timu ikifika mbali, inaongeza nguvu. Mfadhili akiwa na hela, anamwaga. Huku hela zipo, uwanja wao wa Rogers Place unajaa kila siku, tiketi haishikiki kwa bei. Sasa kwa nini wanawaachia watu? Na kuna dada kazini kaniambia McDavid, nahodha wetu, naye kasaini miaka 2 tu. Ina maana anaondoka?

---

Bukavu_kwa_Baridi — 9 Oktoba 2025

Mama, pole sana. Kane hakukosa kitu. Ameenda Vancouver, na ndiko alikozaliwa, kwa hiyo amerudi kwao. Hayo mengine ni mambo ya kikomo cha mishahara. Mzee wa Barafu akipita hapa atakueleza vizuri, huyo ndiye anayezifuatilia hesabu zao.

---

mzee_wa_barafu — 10 Oktoba 2025

Mama Junior, nimekuona. Mimi nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu wa mtaa hapahapa mjini, ndiye ninayeendesha lile gari la kulainisha barafu watoto wakimaliza kucheza. Kwa hiyo habari za Oilers nazisikia kuanzia alfajiri, kwa wazazi walioshika vikombe vya kahawa, kwa makocha, hadi kwa watoto wa miaka saba. Na swali lako ndilo wanaloniuliza wote.

Anza na hili: kwenye NHL, ligi kuu ya hoki huku, tajiri hata angemiliki visima vyote vya mafuta vya Alberta, haruhusiwi kumwaga hela. Ligi ina timu 32 na zote zinafungwa na kikomo kimoja cha mishahara. Msimu wa 2023-24 kilikuwa dola milioni 83.5. Mwaka jana 88. Msimu huu ni 95.5. Ukishakijaza, umemaliza, hata kama benki una bilioni.

Sasa tazama Oilers wamekijazaje. Draisaitl anahesabiwa milioni 14 kwa mwaka, mkataba wa miaka 8 aliousaini Septemba 2024 na ambao umeanza msimu huu. McDavid milioni 12.5. Bouchard, yule beki anayepiga mashuti kama bunduki, milioni 10.5. Darnell Nurse milioni 9.25. Jumlisha: milioni 46.25. Watu wanne wamekula karibu nusu ya chungu, na waliobaki, kama watu kumi na tisa hivi, wanagawana kinachobaki. Hyman yumo humo, Nugent-Hopkins yumo, Ekholm yumo, makipa wote wawili wamo.

Kane alikuwa anahesabiwa milioni 5.125. Msimu mzima wa kawaida uliopita hakucheza hata mechi moja kwa sababu ya upasuaji. Ligi inaipa klabu ahueni mchezaji akiwa majeruhi wa muda mrefu: unaruhusiwa kuvuka kikomo ili uweke mtu mahali pake. Akipona, ahueni inakwisha na mshahara unarudi kwenye hesabu. Kane alipona, akarudi kwenye mtoano na akapambana kweli. Ikabidi atafutiwe pa kwenda. Walichopata kwa Vancouver ni nafasi moja ya raundi ya nne kwenye uteuzi wa vijana, ule ambao klabu zinachagua wachezaji chipukizi kwa zamu, yaani karibu na bure. Arvidsson alienda Boston kwa nafasi ya raundi ya tano. Hapo unajua kilichokuwa kinauzwa si mchezaji, ni mshahara wake.

Perry mikataba yake ni ya mwaka mmojammoja, ana miaka 40, akachagua Los Angeles. Huyu namheshimu mno. Fainali ya mwaka huu, mechi ya pili, zimebaki sekunde zisizofika 18, tumefungwa 4-3, nani anasawazisha? Yeye. Na ameshapoteza fainali tano ndani ya miaka sita: Dallas 2020, Montreal 2021, Tampa 2022, kisha mbili na sisi. Kombe lake moja ni la 2007 na Anaheim. Inauma kumwona na jezi ya Kings, timu tuliyoitoa raundi ya kwanza miaka minne mfululizo.

Brown amepata miaka minne New Jersey, na hakuna wa kumlaumu. Klingberg na Jeff Skinner wote wako San Jose.

Lakini Mama Junior, hao wote mimi siwalilii. Ninaowalilia waliondoka mwaka mmoja kabla, Agosti 2024, wakati watu wengi mjini walikuwa likizo. Philip Broberg na Dylan Holloway. Broberg ni beki, tulimchagua wa 8 mwaka 2019. Holloway ni winga, wa 14 mwaka 2020. Vijana wetu tuliowalea wenyewe. Mikataba yao ya kwanza ilikuwa imeisha na klabu ikachelewa kuwasainisha. Sasa kuna sheria: klabu nyingine inaweza kumwandikia kijana wa namna hiyo ofa, na klabu yake inapewa siku saba, ama ilipe hela hiyohiyo ama imwachie ipokee fidia. Tarehe 13 Agosti klabu ya St. Louis wakaandika ofa mbili kwa mpigo. Broberg milioni 4.58 kwa mwaka, Holloway milioni 2.29, miaka miwili kila mmoja. Tarehe 20 Edmonton ikawaachia wote, ikapewa nafasi ya raundi ya pili na ya tatu.

Msimu uliofuata Holloway akafunga magoli 26, pointi 63, yaani magoli ukijumlisha na pasi za magoli. Sitaki hata kumaliza sentensi.

---

kijana_wa_118 — 10 Oktoba 2025

Mzee, shikamoo. Hapo kwa Holloway naomba nikupinge kidogo. Watu wanamhukumu Bowman, meneja mkuu wetu, kwa vitu ambavyo vimejulikana baadaye. Akiwa hapa, msimu wa 2023-24, Holloway alicheza mechi 38 akapata pointi 9. Pointi 9! Broberg sehemu kubwa ya msimu alikuwa Bakersfield kwenye ligi ya chini. Ungekuwa wewe ungempa beki wa Bakersfield milioni 4.58? St. Louis walilipa zaidi ya thamani makusudi, ili tushindwe. Na chungu kilikuwa kimejaa. Usingeweza kuwalipa bila kumfukuza mtu mwingine.

---

mzee_wa_barafu — 10 Oktoba 2025

Marahaba kijana. Takwimu zako ni za kweli, na St. Louis walipandisha bei makusudi, hilo nalo kweli. Lakini twende taratibu.

Broberg huyo wa Bakersfield, mtoano wa 2024 ulipobana, aliitwa kwenye nusu fainali na Dallas kuanzia mechi ya nne. Hakutoka tena kikosini. Alicheza mpaka mechi ya saba ya fainali, ile tuliyofungwa 2-1 kule Florida tarehe 24 Juni baada ya kutoka nyuma 3-0 mpaka 3-3. Yaani kocha Knoblauch, mechi ngumu kuliko zote za maisha yake, alimwamini kijana yule. Kwa hiyo siyo kwamba hawakujua walicho nacho. Waliona kwa macho yao.

Sasa hii ya chungu kujaa. Kilijazwa na nani, na lini? Julai 1, siku dirisha linafunguliwa, Oilers walimsaini Arvidsson kwa milioni 4 na Jeff Skinner kwa milioni 3. Jumla milioni 7. Ofa mbili za St. Louis, 4.58 na 2.29, jumla milioni 6.87. Angalia hizo namba mbili vizuri. Hela ilikuwepo, ila ilikuwa imeshatolewa wiki sita kabla kwa watu wa umri mkubwa.

Na walitupa nini? Arvidsson magoli 15, pointi 27. Skinner magoli 16, pointi 29. Wote wawili pointi 56. Holloway peke yake 63. Mtoano ulipofika, Skinner, mtu aliyekuwa amecheza mechi zaidi ya 1,000 bila kuuonja, mechi nyingi alikaa jukwaani na suti. Mwaka mmoja baadaye hakuna hata mmoja kati yao aliyebaki. Tuliwapoteza vijana ili tuwapate wazee, kisha wazee nao tukawapoteza.

Mimi simbebeshi Bowman mzigo wote, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ken Holland, meneja mkuu aliyemtangulia, aliondoka mwisho wa Juni 2024. Usajili wa Julai 1 ulisimamiwa na Jeff Jackson, bosi wa mambo ya hoki, ambaye zamani alikuwa wakala wa McDavid mwenyewe. Bowman aliajiriwa tarehe 24 Julai. Akakuta vijana wawili hawana mikataba, chungu kimejaa, na baada ya wiki tatu St. Louis wanabisha hodi. Nyumba isiyokuwa na mwenyewe kwa mwezi mzima, na wenzetu waliliona pengo lile wakaliingilia. Ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, nitakuambia ni Julai, siyo Agosti.

Na kiangazi hichohicho waliuza pia Ryan McLeod kwenda Buffalo. Huyu alifunga 20 huko. Hapa angalau tulipata kitu: Matthew Savoie, kijana wa St. Albert, mji wa jirani hapo tu.

---

Bukavu_kwa_Baridi — 10 Oktoba 2025

Mzee umeongea. Ila mbona hata bila hao tulifika fainali tena? Msimu wa kawaida tulimaliza na pointi 101, Draisaitl alifunga 52 akachukua zawadi ya mfungaji bora, tukawatoa Kings tukiwa nyuma 0-2, tukawatoa Vegas kwa mechi tano, Dallas kwa tano. Timu dhaifu haifanyi hivyo.

---

mzee_wa_barafu — 10 Oktoba 2025

Haifanyi, ndugu yangu, na sijasema ni dhaifu. Nasema ilichoka upande mmoja. Hyman aliteguka kifundo cha mkono kwenye mechi ya nne na Dallas, na nyuma yake hakukuwa na winga kijana mwenye mbio wa kuziba. Florida walikuwa na staa kama Marchand kwenye mstari wa tatu, yaani kundi la tatu la washambuliaji wanaopokezana! Mstari wa tatu! Bennett kafunga 15 mtoano mzima, Reinhart kafunga manne mechi ya mwisho peke yake. Sisi Draisaitl alifunga magoli manne ya muda wa nyongeza, rekodi ya mtoano mmoja, na bado haikutosha, kwa sababu mechi ambazo yeye na McDavid walizibwa wengine hawakufunga vya kutosha. 6-1, 5-2, 5-1. Hizo mechi tatu hatukufungwa kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana mimi msimu huu naangalia vijana kuliko mastaa. Savoie nimeshamtaja. Mwingine ni Isaac Howard, aliyekuja Julai kutoka Tampa Bay kwa kubadilishana na Sam O'Reilly. Howard mwaka huu ndiye aliyepewa tuzo ya Hobey Baker, mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Mishahara yao ni ya vijana, midogo, na klabu yenye watu wanne wanaokula nusu ya chungu inaponea hapohapo: kijana wa bei nafuu anayefunga 20. Knoblauch akiwapa dakika za maana mwezi huu na ujao, hata wakikosea, tutakuwa na timu nyingine mwezi wa nne. Akiwakalisha benchi kila wakipoteza paki, kile kisahani kinachogombewa, tutarudi kule kule. Mangiapane wamemleta kwa milioni 3.6, ni mchapakazi, lakini simwoni kama jibu la swali hili.

Mama Junior, kuhusu McDavid. Ndiyo, tarehe 6 Oktoba kasaini miaka 2, na kwa mshahara uleule wa milioni 12.5 aliokuwa nao tangu 2018. Usisikilize wanaosema ni dalili ya kukimbia. Wiki moja kabla, Kirill Kaprizov wa Minnesota alisaini milioni 17 kwa mwaka, miaka minane. McDavid ndiye bora duniani, angetaja bei yoyote. Kikomo kitapanda hadi milioni 104 mwaka ujao. Yeye akabaki palepale alipokuwa, ili klabu ipate nafasi ya kununua wengine. Msimu wa sasa ni wa mwisho wa mkataba wa zamani, halafu hiyo miwili, kwa hiyo yupo hadi kiangazi cha 2028. Amewapa misimu mitatu na amewapa hela ya kuitumia. Mimi naona ni imani, na ni masharti pia. Mji huu haujachukua kombe tangu 1990, na Canada yote haijalichukua tangu Montreal 1993. Yeye anazijua hizo namba kuliko sisi.

---

MamaJunior_Edm — 11 Oktoba 2025

Jamani asanteni. Nimemsomea mwanangu yote, akaniuliza kama anaweza kuandika barua kwa Holloway.

Sasa mzee wangu, maswali mawili ya mwisho. Ile jezi ya 91 aitunze au nimtafutie nyingine? Na anataka kuanza kucheza mwenyewe. Nimeona bei ya viatu na kofia na makinga nikaogopa.

---

mzee_wa_barafu — 11 Oktoba 2025

Aitunze. Kane alicheza na maumivu hapa, jezi yake haina aibu. Ukitaka ya pili, mimi ningesema Nurse, namba 25. Najua mjini wanamlalamikia kwa sababu ya hiyo milioni 9.25, lakini mtoto wetu mweusi anayeanza hoki hapa anahitaji kumwona beki mweusi anayesimama mbele ya goli kila mechi bila kujificha. Na ukimpeleka Rogers Place mwonyeshe juu kabisa, kwenye namba zilizostaafishwa, kuna 31. Hiyo ni ya Grant Fuhr, kipa, mzaliwa wa Spruce Grove hapo nje ya mji. Mwaka 1984 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kushinda Kombe la Stanley, na alishinda matano na Oilers. Watoto wetu wengi wanaokuja uwanjani kwangu hawajui, na nikiwaambia wananitazama kama nimewadanganya.

Vifaa usinunue vipya. Hapa Edmonton kuna Sport Central, wanawapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vifaa vilivyotumika, viatu na kofia vikiwemo. Ada ya kujiandikisha, waulize KidSport. Na kabla ya yote mlete saa za kuteleza za familia kwenye uwanja wowote wa mtaa, ajifunze kuanguka na kuinuka. Viatu vimbane, visicheze mguuni. Wazazi wetu wananunua vikubwa ili avitumie miaka miwili, na mtoto vifundo vinalala ndani, haendi popote.

---

kijana_wa_118 — 13 Desemba 2025

Nafufua mada. Mzee upo? Jana Stuart Skinner na Kulak wamepelekwa Pittsburgh, pamoja na nafasi ya raundi ya pili ya 2029. Tumempata Tristan Jarry na Sam Poulin. Na kutoka Nashville tumemchukua beki Spencer Stastney kwa raundi ya tatu ya 2027.

---

mzee_wa_barafu — 13 Desemba 2025

Nipo. Nimeshinda nayo kazini tangu jana, kila mzazi ana lake.

Skinner ni mtoto wa Edmonton, alikuwa golini fainali zote mbili, na alibeba lawama ambazo nusu yake ni za mabeki. Lakini kipa akishaondolewa golini katikati ya mechi za fainali, mwaka huu mara mbili, mabeki wanaanza kucheza kwa woga mbele yake, na woga huo hauponi kwa maneno. Naielewa klabu.

Ninayemsikitikia ni Kulak. Naye mzaliwa wa hapa. Ekholm, beki mwenzake, alipoumia msimu uliopita, Kulak ndiye aliyezibeba dakika zake mpaka Dallas. Beki wa milioni 2.75 anayeweza kufanya hivyo humpati kirahisi, na Stastney bado ni mtihani.

Na hesabu ndiyo ileile. Skinner alikuwa milioni 2.6 na mkataba unaisha kiangazi. Jarry ni milioni 5.375 hadi 2028, mwaka uleule wa McDavid. Wameamua kuweka kila kitu kwenye miaka hiyo. Sawa, mimi nakubaliana na uamuzi huo, ila sasa hakuna tena hela ya kumtafuta Arvidsson mwingine, na hilo pengine ndilo litakalowalazimisha kuwachezesha Savoie na Howard.

---

MamaJunior_Edm — 13 Desemba 2025

Mwanangu anauliza Jarry ni mzuri?

---

mzee_wa_barafu — 13 Desemba 2025

Akiwa sawa, ni mzuri. Na mji anaujua: alidakia Oil Kings, timu ya vijana ya hapahapa, wakachukua Kombe la Memorial mwaka 2014. Jumanne tarehe 16 Oilers wanacheza kule Pittsburgh. Jarry akipangwa, mwambie mwanao asimwangalie anapodaka tu, aangalie anapotoka golini kuichukua paki nyuma ya neti. Anaicheza kwa gongo kama beki wa tatu. Novemba 2023 aliipiga kutoka golini kwake hadi kwenye goli tupu la Tampa Bay, likaingia.